Kikundi cha Wakubwa Watupu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mungu wangu! Mama Adrienne, anayeshughulikia vijana kwenye komine, ofisi ya serikali ya mtaa, alituita asubuhi sisi maprezida wa vikundi vya ngoma na maigizo vya Kalemie. Akasema ile depo ya zamani, ghala tupu karibu na reli, itapewa kikundi kimoja. Bati zima, sakafu ya simenti! Jumamosi watakuja kututazama tukicheza palepale. Sharti: wachezaji wasipungue kumi na wawili.

Kikundi changu, Mwanga wa Tanganyika, kina wanne. Mimi, binamu yangu Landry, jirani yetu Rubens, na Joëlle anayepiga ngoma. Rubens hucheza akiwa ameshiba tu.

Na hiyo depo tunaihitaji kufa na kupona. Mazoezi tunafanyia uani kwa dada yangu Rosine, mahali anapoanika ndagala, dagaa wake wa kuuza. Leo ameapa mbele ya majirani: "Omer, vumbi yenu inaingia mu ndagala yangu. Bakiriya bangu ba soko banatafuna muchanga! Juma hii njo mwisho." Dada yangu wa tumbo moja! Tukikosa depo, kikundi kimekufa.

Juu ya hayo, Arlette, prezida wa Nyayo za Lukuga, ameniuliza hadharani kama Jumamosi nitacheza peke yangu au nitakuja na kivuli changu. Watu wakacheka. Hata Mama Adrienne. Nimeumia sana.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata akili! Nani katika mji huu anaingia kwenye kikundi ili atoke jasho? Hakuna. Watu wanataka cheo. Basi nimegawa vyeo. Landry: Makamu wa Prezida. Rubens: Mkuu wa Protokole. Nikatengeneza kadi za kuvaa shingoni, kwa wino mwekundu, nikapita nazo mtaani. Katibu, Naibu Katibu, Mshauri, Mshauri wa Mshauri. Kufika jioni tulikuwa tumetimia na kupita!

Hata Anne-Marie wa Nyayo za Lukuga amehamia kwetu, pamoja na wenzake watatu. Nimempa Ushauri Mkuu. Amepokea kadi kwa mikono miwili, kama komunyo. Arlette ajue sasa mji huu una wenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijawahi kuona. Sijawahi! Leo mazoezi ya kwanza. Nikasema, haya, tucheze. Kila mtu amekaa kwenye kiti. Landry akasimama, akakohoa: "Prezida, Makamu atikise kiuno mbele ya bantu? Njo namna gani?" Rubens akadai kazi ya protokole ni kuketisha wageni, si kurukaruka. Anne-Marie akashauri tuanze na mkutano. Wakapiga makofi. Ajenda: nani akae karibu na nani Jumamosi. Wamebishana mpaka kuku wa dada wakaenda kulala.

Ni Joëlle peke yake aliyekuwa na ngoma yake pembeni, anapiga. Nikamsifu mbele ya wote. Akauliza polepole mbona yeye hana kadi. Nikaona ni haki yake, nikamwandikia: Mkurugenzi wa Ufundi. Akaivaa. Akaitazama. Akaweka ngoma chini, akavuta kiti!

Ijumaa, 7 Novemba

Mjanja hakosi njia. Nimewaambia kwamba kwenye sherehe kubwa za siku hizi viongozi ndio wanaofungua ngoma, kwa kufuata ngazi ya vyeo. Wamekubali! Ugomvi uliobaki ni nani atangulie kutikisa bega, Mshauri Mkuu au Mkurugenzi. Nina furaha, nimekula sahani mbili.

Mchana nilipita kwa Arlette kuona alivyokonda. Nilitegemea machozi. Watu wake waliobaki walikuwa wanacheza kama hakuna kilichotokea. Yeye akanishika mkono: "Papa Omer, aksanti sana. Umenipunguzia basemaji." Amechanganyikiwa, maskini. Nilimhurumia njia nzima.

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu! Aibu kubwa!

Mama Adrienne alifika na wageni wawili. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya ziwa. Viti viliwekwa nje, mbele ya depo. Tukaitwa sisi kwanza. Nikatoa salamu fupi, salamu ya Prezida, ndiyo desturi. Hapo Landry akasema haiwezekani Prezida aseme na Makamu anyamaze. Akawasalimia wakubwa wote, mmoja mmoja, kwa vyeo na sifa zao. Kisha Katibu, akaanza upya na salamu zilezile. Kisha Naibu. Mgeni mmoja alitaka kusimama. Rubens akamrudisha kitini, kwa protokole. Mshauri wa Mshauri ndiyo kwanza alikuwa anafungua kinywa, mvua ikamwagika.

Tukakimbilia ndani ya depo sote. Wino mwekundu ulituchuruzika vifuani, mtu angedhani tumechinjwa. Watu wa Arlette hawakungoja kukaribishwa. Wakaanza kuimba wakiwa wamelowa, miguu ikagonga simenti, bati likanguruma juu na wao wakanguruma chini. Na ile ngoma! Niliujua ule mkono. Joëlle! Amevua kadi, amekaa katikati ya Nyayo za Lukuga, anapiga jinsi hajawahi kunipigia mimi. Nilitaka kumkemea. Badala yake mguu wangu wa kulia ukaanza kucheza, wenyewe, bila ruhusa! Niliutazama kwa hofu. Nikaukanyaga na wa kushoto.

Arlette amepewa ufunguo. Mama Adrienne aliniambia kwa upole kwamba hotuba zetu zilikuwa nzuri, na anamwomba Mungu yeye asizisikie tena. Nimelia. Naandika nikiwa bado nimelowa.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya misa komite ya wenye vyeo imekutana bila mimi. Landry sasa ndiye Prezida. Landry! Mimi wamenifanya Prezida wa Heshima, ambaye hahudhurii mikutano. Na dada ameanika ndagala mpaka mlango wa chumba changu pale uani. Natoka kwa kuruka.

Kisha Arlette ametuma mtu. Eti aliuona mguu wangu jana, unajua kucheza. Niende depo kesho, nafasi ipo, safu ya nyuma. Safu ya nyuma! Mimi! Tena bila kadi! Nimemjibu kwamba nina shughuli.

Na kweli ninazo. Nimekaa, nimefikiri, nimeliona kosa letu waziwazi: vyeo vilikuwa vichache. Watu walibanana. Kwa hiyo leo nimeunda Shirikisho la Vikundi Vyote vya Sanaa, kutoka Kalemie hadi Moba. Shirikisho halihitaji uwanja, linahitaji viti. Watu wamekuja wengi kuliko Jumanne, hata Landry ameacha uprezida ili awe Naibu wangu wa Pili. Wachezaji tutawatafuta baadaye.