Mfereji Nambari 47 Uachwe Uvuje

Zacheus arap Maritim,
Mtaa wa Juu, barabara ya kwenda Londiani.
Jumatano, 10 Februari 1999.

Kwa Karani wa Mji, pamoja na kompyuta yake.

Bwana Karani,

MINT: SWALI LINALONIANDAMA KILA JUMATATU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba ile ramani mpya ya mji iliyo ndani ya kompyuta nayo haijambo. Mimi ni karani mstaafu wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai. Kwa miaka ishirini na sita nilipima mizigo ya watu na sikuwahi kugombana na chombo chochote. Leo nagombana na chako.

Kisa ni mfereji wa umma wa kuchotea maji, ulio nje ya ua wangu, ambao unavuja tangu 1991. Chini yake nimepanga miche elfu tatu ya chai na kuijengea kivuli cha majani ya porini. Mvua za Aprili zikianza itahamia shamba letu la Boito, na hayo ndiyo maisha ya uzeeni ya mimi na mke wangu Chepkosgei, hatuna mengine. Maji ya kuchota, kama ujuavyo, ni mitungi miwili kwa kila nyumba kiangazi hiki. Mvujo hauna mgao. Ukizibwa sasa, baada ya Jumapili mbili nitakuwa na vijiti elfu tatu vya kuwashia moto.

Mwezi wa Novemba walikuja vijana wenu kuhesabu mali ya mji: taa, kalvati, mifereji. Niliwapa chai ya maziwa na viazi, nikawaonyesha mfereji huo kwa fahari, nikahakikisha wameandika kwamba unavuja. Ulimi uliponza kichwa. Bi. Lynn Gathoni wa ofisi yako amenieleza kwa adabu sana mambo yalivyo: swali linaandikwa mara moja tu, "mifereji inayovuja", linapewa jina na kuhifadhiwa. Kila Jumatatu yeye hubonyeza jina hilo, na ramani inatoa madoa mekundu. Doa la 47 ni mimi.

Kisha fundi Osoro anakuja na spana. Mara tatu nimemkalisha kwa chai hadi saa za kazi zikaisha. Juzi aliniambia, "Mzee, mimi sina neno na wewe, ni mashini imesema. Jumatatu ijayo sinywi chai." Ndiyo maana naandika malalamiko yafuatayo:

1. Swali lenu halina adabu. Kwetu mtu akiuliza na kujibiwa, hushukuru na kunyamaza. Anayeuliza lile lile kila wiki huanza kunyimwa kiti. Tena mwenzangu huyu hajawahi hata kunisalimia.

2. Kwa miaka minane mji uliusahau mfereji wangu, tukaishi kwa amani. Kusahau ilikuwa huduma kwa wananchi, na mmeiondoa bila kuitisha baraza wala kutangaza kanisani.

3. Linauliza nusu. Linauliza ni kipi kinachovuja, haliulizi kinamvujia nani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni changu.

4. Siko peke yangu. Jirani yangu Bogonko, mwenye duka, ametengenezewa taa ya barabarani mara mbili tangu Krismasi kwa sababu ya swali lingine la namna hiyo. Siku hizi wateja wanaiona sukari yake kabla ya kuinunua. Biashara imeyumba.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima, mvujo wangu uandikishwe kuwa mali ya mji, upewe nambari yake, 47B, na doa la kijani. Pia lihifadhiwe swali jipya, "mivujo iliyoacha kuvuja". Siku litakapotoa jina langu, Osoro aje mbio na spana ileile aulegeze tena. Na mimi mwenyewe nikubaliwe ndani ya ramani kama mlinzi wa mvujo. Mahali pa kuandika hali, andikeni: mzima, isipokuwa magoti.

Nisalimie Bi. Gathoni, nisalimie Osoro, wasalimie madiwani wote, hata wasiofika mikutanoni. Kompyuta nayo ipe salamu zangu, labda itajifunza kuitikia.

Wako mtiifu mpaka Jumatatu,
Zacheus arap Maritim

Tanbihi: Ni Alhamisi asubuhi. Barua sijaiposti, na ni heri. Bandu bandu huisha gogo: yale matone ya miaka minane yamelimaliza bomba lenyewe, na alfajiri ya leo limepasuka. Miche kama mia tano imeshachukua njia ya Chepilat bila nauli. Iliyobaki tumeihamishia kitandani, mimi na Chepkosgei tumesimama, na maji yako mlangoni. Nimemkimbilia Osoro. Anasema yeye huenda tu penye doa jekundu, na madoa hutoka Jumatatu. Bwana Karani, nakusihi kama ndugu, mwambie Bi. Gathoni alibonyeze lile swali leo.