Presha ya Bomba Langu

Jumatatu, 3 Machi
Bomba la kuogea limetoa uzi wa maji tena, wiki ya pili hii. Uzi! Nilishajipaka sabuni mwili mzima, nikasubiri, povu likanikaukia mgongoni kama chokaa. Ng'ambo ya ua jirani anaoga huku anaimba, maji yanamwagika kama hayana mwenyewe. Mtu hafurahi hivyo kwa maji yake halali.

Mama Watoto kasema yasipotoka kufikia Jumamosi anahamia kwa dada yake. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, anikimbie kwa sababu ya bomba! Hapohapo kaniuliza kama presha nimepunguza, vile muuguzi wa zahanati alivyoagiza mwezi uliopita. Nikamjibu nilishapunguza zamani, kwa mkono huuhuu.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandika sikio kwenye bomba la nje. Nikayasikia, shwaa, yanakimbilia kwa jirani! Nikapiga ukelele wa mwizi. Mama Watoto akachungulia dirishani, akasema ni yeye anasuuza sufuria.

Haya. Lakini mbona jirani alifunga mlango wake dakika ileile?

Jumatano, 5 Machi
Nimechimba kando ya ua kutafuta bomba la siri. Nimepata mzizi, kijiko chetu kilichopotea, na kiuno kuuma. Kijiko kilifikaje huko? Naandika tu, sisemi kitu.

Jirani akachungulia juu ya ua. Hakuniuliza mimi, kamwita mke wangu: shemeji, ukishindwa njoo ujaze ndoo kwangu, hata kuoga karibu. Kuoga! Mama Watoto akacheka. Mara ya mwisho kunichekea mimi hivyo, nilikuwa na meno yote.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Watoto kaleta fundi bomba. Kafungua kichwa cha bafu, kakung'uta mchanga, karudisha. Uzi uleule. Akatangaza kwamba presha iko chini. Nikamwambia presha yangu aniachie mimi, yeye si daktari. Na tena iko juu, muulize muuguzi!

Kisha akauliza koki kuu iko wapi. Ahaa! Swali la mpelelezi hilo. Asubuhi nilimwona kwa jirani na kikombe cha chai mkononi. Nimemfukuza na begi lake.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Watoto anakunja nguo. Anazipanga sandukuni mojamoja. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi
Sanduku mlangoni. Nikameza kiburi, kikakwama kooni, nikamwita fundi mimi mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwenye mita, akaondoa matofali yaliyoifunika. Koki kuu imefungwa nusu! Tena imekazwa kwa tai. Tai yangu ya harusi! Nikapaza sauti mtaa mzima usikie: jirani mwizi wa maji, na nguo pia!

Mama Watoto akaketi juu ya sanduku, akacheka mpaka kilemba kikadondoka. Akanikumbusha siku ile tuliyotoka zahanati. Ati nilikwenda uani na tai, nikarudi nikijigamba kwamba presha nimeipunguza na nimeifunga isipande tena, sasa aache kunisumbua.

Ulikuwa utani. Ningekumbukaje? Mimi nafanya utani mara kumi kwa siku.

Fundi akaizungusha koki. Maji yakaruka na kumlowesha. Sanduku likarudi chumbani. Mama Watoto kaniagiza nimwombe jirani radhi. Nimekohoa kuelekea upande wake. Inatosha.

Jumatatu, 10 Machi
Zahanati. Muuguzi kapima, katikisa kichwa: presha imepanda kuliko mwanzo. Akaniuliza ni nani ananikera. Binti ana akili yule, amesoma! Kasema chanzo kikiondoka, itashuka yenyewe.

Mita ya jirani iko hatua tatu kutoka yangu. Koki yake laini, haikulia hata kidogo. Na tai ilikuwa bado mfukoni.

Saa hizi anaoga. Anaimba. Kaimba nusu ubeti. Kanyamaza.

Imeshuka. Naisikia kabisa inavyoshuka.