Lushoto Hadi Roma kwa Njia ya Tokyo

Jumatatu, 3 Julai 1995
Siku ya arobaini tangu shamba la chai liuzwe na sisi makarani tuachishwe kazi. Dorothea, mke wangu, amesema nisipopata shughuli ya maana kufikia Septemba, nakwenda Mnazi, kule tambarare, kulima kwa kaka yake. Mnazi! Joto lile! Nikamjibu kwamba biashara sasa ni huria, na mimi nafungua kampuni ya ziara za mbali. Akauliza mbali wapi, Korogwe? Nikatoka nje. Mkurugenzi habishani.

Jumatano, 5 Julai
Nimeazima atlasi shule ya sekondari. Ina nchi ambazo redio inasema hazipo tena, lakini bahari ziko palepale. Nimepima kwa kidole. Bombay hadi Bangkok, kidole kimoja. Bangkok hadi Tokyo, kimoja na nusu. Njia imekamilika: Nairobi, Bombay, Bangkok, Tokyo, Los Angeles, London, Roma. Vituo saba! Tatizo ni Tokyo hadi Los Angeles: ukurasa unakatika katikati ya bahari. Hapo nimeweka alama ya kuuliza.

Davis, yule anayewapeleka wazungu Irente kutazama bonde na kula jibini, alipita akachungulia. Akauliza wasafiri nitawarudishaje. Wivu tu. (Kweli, kurudi nilikuwa sijakupanga.)

Alhamisi, 6 Julai
Wasafiri watatu! Bibi Secilia, aliyechuma chai kwa miaka thelathini, anataka Roma. Binti yake Jenipher ni mtawa huko. Hawajaonana miaka tisa. Nikamweleza Roma ni kituo cha saba. Akauliza kama hakiwezi kuwa cha kwanza. Nikamwambia hiyo haitakuwa ziara, itakuwa kwenda tu. Wengine ni Mzee Kassimu, mkulima wa kabichi, na mkewe Mwanahamisi. Mzee aliuliza kwa upole kwa nini mstari wangu umeiruka Makka. Nikamwonyesha kwamba Tokyo imeshaandikwa kwa wino.

Jumamosi, 8 Julai
Zoezi la kukaa. Nasikia watu wasiozoea ndege huvimba miguu. Nikapanga mabenchi sebuleni, nikawafunga wasafiri mikanda ya vitenge, nikatangaza saa sita hadi Bombay. Saa ya kwanza, shwari. Saa ya pili Mzee Kassimu akaomba kwenda kusali adhuhuri. Nikamwambia haiwezekani, tuko juu ya bahari.

“Basi mgosi, hapo ndipo pa kusali,” akasema. Akajifungua mkanda, akatokea mlango wa jikoni. Mwanahamisi akamfuata. Davis naye akatia kichwa dirishani, akauliza kama ndege inasimama Soni.

Nikabaki na Bibi Secilia. Ili tumalize, nikatangaza tumefika Roma. Akasimama, akanyoosha kanga yake, akaliambia kabati la vyombo: “Jeni, mwanangu. Ni mimi. Nimezeeka, lakini ni mimi.” Dorothea alikuwa anamenya viazi, akaweka kisu chini. Tulichelewa dakika kumi nzima. Nimeandika: Roma, muda wa kusalimiana uongezwe.

Jumapili, 9 Julai
Mzee Kassimu na mkewe wamejitoa. Wamekwenda Irente na Davis! Miaka sitini wanaishi hapa, hawakuwahi kufika. Wamerudi na chupa ya jamu, wanasimulia jinsi Mazinde yote inavyoonekana kule chini. Nikawauliza kama waliiona Bangkok. Hawakuiona.

Jumatano, 12 Julai
Tanga, na Bibi Secilia, ofisi ya tiketi. Dada wa pale, Rehema, alimwamkia bibi, akaisoma njia yangu, akamwita mwenzake naye aisome. Kisha akauliza bibi anamfuata nani Roma. Bibi akatoa barua kifuani. Rehema akasoma kimya, akainua uso. Masista wanamwalika Bibi Secilia akae kwao mwezi mzima. Tiketi wameshamlipia tangu Pasaka. Kinachosubiriwa ni pasipoti na viza.

“Bibi, barua hii hukumwonyesha mtu?”

“Nilimwonyesha karani,” akasema, akanitazama.

Ni kweli. Nilimwambia ni salamu. Lakini nusu ya juu ilikuwa Kitaliano! Ile nusu ya chini, ya Kiingereza, sikuifikia. Nikaomba angalau apitie London. Bibi akasema hapana. Neno moja tu, mbele za watu.

Jumamosi, 2 Septemba
Bibi Secilia ameondoka. Wachuma chai wamejaa stendi kumsindikiza, wanaimba. Dorothea alilia. Mimi nilikuwa na mafua. Kabla hajapanda basi alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumfikisha Tanga. Tanga! Mtu niliyempangia dunia nzima! Tena anakwenda moja kwa moja, maskini, hataona chochote.

Jumanne, 5 Septemba
Mnazi. Shemeji amenikabidhi jembe na kunionyesha shamba. Mwisho wake sikuuona. Joto la kuivisha mayai. Lakini mchana, tulipopumzika, nimegundua jambo. Watu wa huku wanaungua jua mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha Norwei! Nimewauliza wanne, wote wanne wamekubali kusikiliza. Shemeji akauliza hiyo Norwei iko upande gani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nawapitisha Brazili.