Fremu ya Bi Ekta

Lazarus Oyoo hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Lazarus alipewa. Tofauti hiyo ameieleza mara nyingi, hasa kwa polisi, na sisi tusibishane naye, asije akatugeuza na sisi.

Asubuhi moja aliingia duka la vitambaa la Mzee Chunilal, Mtaa wa Biashara, na mpango wa mapazia ya kanisa lisilokuwepo. Mzee alikuwa amewapa wateja mgongo, simu sikioni. Lazarus akashika kitambaa cha maua, akakipapasa, masikio akayaacha kazini.

"Sitaki mtu ataiuza," Mzee alikuwa akisema. "Hata wa kuanikia nguo sitaki. Mke wangu Ekta alisimama kwa hiyo fremu mpaka mwisho. Nataka mtu ameumia uti wa mgongo, na atafanya mazoezi. Basi."

Fremu yenyewe ilionekana kwa mlango wa stoo. Kitu cha chuma, kizito, chenye mikanda ya magoti, kiuno na kifua. Humwinua mtu ambaye miguu yake imenyamaza, kikamshikilia wima, ili mifupa ya miguu ibebe uzito kidogo. Maana mfupa usiobeba kitu hujisahau, ukawa laini kama chaki. Hayo Lazarus hakuyajua hadi alipoulizia jioni. Alichojua ni kwamba kuna mtu Lavington angenunua kitu kama hicho bila maswali.

"Mapazia yatangoja," akajisemea, akatoka kabla Mzee hajageuka.

Dagoretti kuna Gichuru, anayekodisha kila kitu isipokuwa mke. Lazarus akakodi kwake kiti cha magurudumu, kizuri, cha mpira mpya, akaacha televisheni yake rehani. Kesho yake akasukumwa hadi Mtaa wa Biashara.

"Shikamoo, Mzee."

Nairobi ukisikia shikamoo, shika mfuko. Lakini Mzee Chunilal alikuwa mtu wa moyo laini.

"Marahaba, kijana. Uliumia wapi?"

"Mjengo, Mzee. Kileleshwa. Kamba ilikatika nikiwa juu. Wenzangu walililia mgongo wangu. Mimi nalilia mifupa. Fizio wa mazoezi ananiambia, 'Lazarus, simama.' Sasa nisimame na nini?"

Mzee akatoa leso. Lazarus naye, kwa adabu, akatoa yake.

"Itakuwa yako," Mzee akasema. "Jumamosi uje Kinoo. Ekta alikuwa anafanya mazoezi na kikundi huko. Nitakupea mbele yao."

Kikundi hicho kiliongozwa na Namalwa, mama wa maneno machache, aliyekuwa kwa kiti tangu ajali ya barabarani. Fremu ile alikuwa amemwombea Ivyne. Huyu Ivyne ni fundi wa nguo, msichana wa kucheka ovyo, na mwaka jana paja lilimvunjika akihamishwa tu kutoka kitandani kwenda kwa kiti chake. Hakuanguka, hakugongwa. Daktari aliangalia picha akatikisa kichwa: mifupa imekonda, asimame pole pole na kila mara, ama mvunjiko mwingine utamlaza moja kwa moja. Kikundi kilikuwa na vyuma vya mikono na bomba mbili za kujishikilia. Fremu hawakuwa nayo. Mzee alipopiga simu kusema amepata mtu mwingine, Namalwa alisema asante. Usiku huo alilia, tena sana.

Jumamosi Lazarus akaingia ukumbi wa kanisa akisukumwa kitini, suti ya kijivu, tai nyekundu, akisalimia watu kama mgombea.

"Mambo, wapendwa! Bwana asifiwe!"

Namalwa akamwangalia kuanzia chini, kwa sababu ukikaa kwa kiti, viatu vya watu unaviona kwanza. Soli za Lazarus zilikuwa zimeliwa kisigino, upande wa nje. Viatu vya Namalwa mwenyewe vilikuwa na miaka kumi, na bei ilikuwa bado imebandikwa chini.

"Huyu mtu ametembea kushinda mbuzi wa kupelekwa kichinjio cha Dagoretti," akamnong'oneza Ivyne.

"Ngai! Si tumseme?"

"Tukimsema, Mzee ataona sisi wote ni waongo, fremu irudi stoo. Wacha. Huyu anapenda mdomo wake. Tumpe nafasi autumie."

Fremu ikaletwa. Vijana wawili wa kanisa wakamwinua Lazarus na kumfunga: magoti, kiuno, kifua, na vifungo vyote kwa nyuma. Sasa, mtu aliyekaa muda mrefu hainuliwi mara moja. Damu hushuka, kichwa kikazunguka, wengine huzimia kabisa. Lazarus alipanda juu mara moja kama lifti, akauliza nani anapiga picha. Ivyne akakohoa ndani ya kitenge.

"Ndugu Lazarus," Namalwa akasema, "mikanda imekaza vizuri? Haya. Tupe neno. Na usisahau sisi wenye hatukubahatika, hasa dada yetu hapa, Ivyne."

Hapo ndipo penye ugonjwa wa Lazarus. Harambee zote za Nairobi zinamjua. Akipewa kipaza sauti anaahidi: mabati, ng'ombe, basi la kwaya. Watu wanapiga makofi, anakula pilau, na kabla sahani ya mchango haijapita ameshapotea kwa mlango wa nyuma. Dawa ilikuwa kuondoka. Leo hakukumbuka kwamba amefungwa.

"Wapendwa!" akaanza. "Mzee Chunilal amenisimamisha! Lakini moyo wangu, wapendwa, moyo wangu unauma. Mimi nisimame na dada yangu Ivyne akae? Hapana!"

"Hapana!" ukumbi ukaitikia. Utamu ukampanda kichwani.

"Chuma ni nini? Mali ni nini? Nasema mbele ya Mungu na mbele ya Mzee: kilicho changu hapa leo, ni cha wenzangu!"

Kabla hajavuta pumzi, Namalwa alishapiga vigelegele.

"Amempa! Amempa Ivyne fremu!"

"Ngojeni kidogo, mimi nilikuwa namaanisha kiroho..."

"Na kiti chake pia ametoa!" akapaza sauti Namalwa, akamgeukia mmoja wa kikundi. "Mzee Mulwa, hicho chako breki imefungwa na waya, si uhamie hiki!"

Wimbo ukaanza. Mzee Mulwa akahamishwa, akazunguka ukumbi mara moja, akatoka mlangoni kumwonyesha bibi yake. Lazarus aliiona televisheni yake ikienda naye. Akajaribu kuponyokea mlango wa nyuma, kwa mazoea tu, na mikanda ikamrudisha.

Mzee Chunilal alikuwa akilia waziwazi. "Ekta angekupenda sana wewe."

Wakamtoa kwa fremu. Kwa kuwa kiti hakikuwepo, wakamlaza kwa mkeka. Namalwa akamsogelea, akainama.

"Usisonge," akamwambia polepole. "Mzee hajaenda. Ukisonga, Kinoo yote itakusindikiza mpaka Dagoretti, na si kwa nyimbo."

Kisha kwa sauti: "Mzee, mtu akishuka lazima anyooshwe miguu. Si wewe ndiye ulikuwa unamnyoosha Bi Ekta?"

"Mimi mwenyewe!" Mzee akakunja mikono ya shati. Akashika mguu wa Lazarus, goti limenyooka, akaupeleka juu, juu zaidi, kuelekea sikio. Lazarus alikuwa hajainama kufunga kamba za viatu tangu shule.

"Unasikia kitu?"

"Sisikii, Mzee," sauti ya kifaranga ikajibu.

"Basi naongeza."

Akaongeza. Akahamia mguu wa pili, kwa upendo wote aliokuwa nao. Machozi yakamtoka Lazarus njia mbili.

"Ona anavyofurahi," Mzee akasema.

Wakati huo Ivyne alikuwa akiinuliwa kidogo kidogo. Kizunguzungu kikamshika, wakamshusha, wakangoja, wakampandisha tena. Mwishowe akasimama wima, akatazama nje dirishani, juu ya ua ambao kwa miaka mitano hakuwahi kuona nyuma yake.

"Kumbe kuna mparachichi," akasema.

Mzee akauachilia mguu wa Lazarus, ukaanguka puu, na hakuna aliyegeuka. Namalwa alifunika uso kwa mikono yote miwili. Furaha ilimjaa hadi akashindwa kuimba.

Gari la Mzee lilipoondoka, Namalwa akamgeukia mtu wa mkeka.

"Haya, kaka. Amka uende."

Lazarus akajiinua kwa viwiko. Mapaja yakakataa. Akajaribu ubavu, akajaribu magoti, akarudi chini akihema.

"Mama, nipe mkono," akasema. "Haki ya Mungu, miguu imekataa. Saa hii sidanganyi."

"Pole," Namalwa akamjibu. "Kila Jumamosi tuko hapa. Uje tukunyooshe, itakuachilia."

Ivyne alicheka hadi mikanda ikatetemeka, akaomba asishushwe bado.