Miaka Kumi na Minne Niliyoipaka Piko

Dodoma. Jumatatu, 3 Agosti 1953

Leo nimesema uongo. Mdogo tu. Nauandika hapa nyuma ya daftari la vipimo vya wateja nisije nikausahau, maana uongo ukisahaulika ndipo unapomuumbua mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Bi Mishi alikuja barazani kwa Jayant, hapa ninapoweka cherehani yangu, kuchukua gauni lake. Ni mjane, mwaka wa pili sasa. Ana sauti ya pole na mwendo usio na haraka. Gauni hilo nimelikosea makusudi mara tatu ili arudi. Leo nikajipa moyo, nikamuuliza kama hafikirii kuolewa tena. Akasema anafikiri, lakini marehemu alikuwa mtu mzima sana, na kumuuguza na kumzika kulimchosha. Hataki kufiwa mara ya pili. Kisha akaniuliza mimi nina miaka mingapi.

Thelathini na minane, nikasema. Ulimi huu!

Nina hamsini na miwili. Mwaka Mwingereza anaingia Kondoa mimi nilikuwa nimeshatoka jandoni.

Akanitazama kichwani. Nywele zangu za kipilipili zimejaa mvi, kama nimemwagiwa unga. Nikasema ni chaki ya kushonea. Chaki mpaka kisogoni! Akacheka, akasema Ijumaa baada ya swala nifike kwa baba yake mdogo, Mzee Abbasi, kule Ipagala, nikajitambulishe.

Ijumaa! Siku nne za kuondoa miaka kumi na minne.

Nikaingia dukani kwa Shantaben, mke wa Jayant, anayeuza vitu vya urembo. Akanitolea piko, rangi nyeusi ya nywele. Akaninyooshea na kidole: nipake tone moja nyuma ya sikio, ningoje siku nzima, nikiwashwa niache kabisa. Tena nywele za kipilipili zina kiu, nizipake mafuta ya nazi, nisizioshe ovyo na maji yetu haya ya chumvi. Mama huyu ananisemesha kama mtoto. Nikaona piko ni nyeusi mno, watu watagundua. Nikachukua hina. Hina ni jambo la dini, nani atanisuta?

Jumanne, 4 Agosti

Nywele nyekundu. Nyekundu kama barabara ya Kondoa!

Jambo ambalo hata mtoto analijua, mimi nilikuwa nimelisahau. Huku kwetu mwanamume anayepaka hina kichwani ni nani, kama si mzee aliyekwisha kuchoka? Nimeamkiwa shikamoo mara kumi na moja kabla sijatia uzi kwenye sindano. Muuza maziwa ameniita Haji. Bibi kizee mmoja mwenye mkongojo amenipisha njia. Yeye anipishe mimi!

Kisha akatokea Hasani. Huyu ni karani wa stesheni, wa kwetu Kolo kule Kondoa, anavaa kofia ngumu ya jua hata akiwa kivulini. Naye anamtaka Bi Mishi. Ana arobaini na minne. Nimembeba mgongoni mtu huyu, makamasi yake yakinitiririkia shingoni. Miaka yote akinikuta ni shikamoo kaka Bashiri. Leo alisimama tu, mikono nyuma. Akasema amesikia kwa Bi Mishi kwamba nina thelathini na minane. Ajabu kubwa, akasema, kumbe shikamoo zake zote alikuwa akinipa kwa makosa, kumbe mimi ni mdogo wake wa miaka sita. Akangoja.

Bi Mishi alikuwa ng'ambo ya njia, anachagua vitunguu. Mkono ulikuwa umesimama juu ya fungu. Anasikiliza.

Nikasema shikamoo.

Hasani akasema marahaba, mdogo wangu, hujambo. Na kichwa akanipapasa! Niliiomba ardhi ipasuke. Ardhi ya Dodoma ni ngumu.

Jumatano, 5 Agosti

Shikamoo nne tangu asubuhi. Hasani anapita makusudi. Stesheni hakuna kazi?

Nimerudi kwa Shantaben kuchukua piko. Akauliza kama nitaijaribu kwanza nyuma ya sikio. Nikamwambia tayari nimejaribu. Naona uongo nao ni kama kushona, ukishaanza mshono huwezi kuachia katikati.

Alisema nikae nayo nusu saa. Lakini nusu saa ni ya nywele za singa za kwao. Hizi zangu zimejikunja, rangi itaingia wapi? Nimeipaka nzito, nikaisugua mpaka kwenye ngozi, nikafunga kitambaa. Nikakaa nayo kutoka adhuhuri mpaka alasiri imepita. Nikaosha.

Lo! Kijana kwenye kioo! Nyeusi tii, kila kipilipili kimekaa mahali pake. Nilijitazama mpaka Jayant akaja kuuliza kama kioo kinauzwa au kinaangaliwa tu. Leo nimefurahi, na sioni haya kuandika.

Kichwa kinawasha kidogo. Ni dawa inaingia.

Alhamisi, 6 Agosti

Si kidogo. Ni siafu! Nimejikuna kwa penseli, kwa rula, kwa mkasi uliofungwa. Nimekiosha kichwa kwa sabuni ya kufulia, maji ya kisimani, mara tatu. Sasa ngozi imekauka, imepasuka, inatoa majimaji. Masikio yamevimba, mazito. Jayant ameuliza kama nimeumwa na nyuki. Nimesema ndiyo. Kola ya shati jeupe la mteja wangu mmoja, mwalimu, ina alama za vidole vyangu, nyeusi. Nimeificha chini ya vitambaa.

Mchana lori la Kondoa limemshusha Tabu. Binti yangu wa pekee, mama yake tulimzika zamani. Ana miaka thelathini na watoto watatu. Amesikia kwa watu wa lori kwamba baba yake anataka kuoa, amewaacha watoto kwa wakwe, amepanda juu ya magunia kutwa nzima aje anisindikize, asije akaonekana baba yake hana mtu. Ameniletea asali na karanga. Alipofika alipiga magoti, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Na mimi nikaanza kupiga hesabu. Mtu wa thelathini na minane atakuwaje na binti wa thelathini?

Sitaki kuandika hili. Naandika. Nilimwambia kesho aniite kaka.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliniuliza tu, na marehemu mama je, kesho tutasema alikuwa wifi yangu? Nikajikuna.

Ijumaa, 7 Agosti

Nashika penseli kwa shida. Lakini niandike leo hii, kesho nitaanza kujitetea.

Tulikwenda Ipagala kwa miguu. Kanzu nyeupe, nimeishona mwenyewe. Jua la saa nane, upepo na vumbi. Jasho likaanza kuteremka, na piko ikateremka nalo. Tabu alinifuta shingo njia nzima. Tulipofika jicho la kushoto lilikuwa limejifumba.

Barazani kwa Mzee Abbasi walikuwepo ndugu wanne wa Bi Mishi. Na Hasani! Ameitwa kama mtu wa Kolo, aseme anavyonijua. Nikazunguka na shikamoo zangu, mmoja mmoja, mpaka kwake. Aliipokea akiwa ameweka mguu juu ya mguu.

Mzee Abbasi akauliza mama huyu niliyekuja naye ni nani. Tabu akasema huyu ni kaka yangu. Alikuwa anatazama mkeka. Mzee akasema kweli, mmefanana, damu haifichiki. Hasani akakohoa.

Nikaulizwa kazi, nikajibu. Nikaulizwa dini, nikajibu. Nikaulizwa umri, midomo ikawa imevimba, natafuna maneno kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Kifua kikabana. Sinia la kahawa likanijia usoni, au mimi ndiye niliyeliendea.

Na Tabu akapiga yowe. Baba! Baba yangu! Baba anakufa!

Mbele ya wote. Alinirukia, akavua upande wa khanga yake, akachovya mtungini, akanifuta kichwa, na khanga ikawa nyeusi. Baba, baba, baba, alisema, na kila alipolisema nilizeeka mwaka. Kwa jicho lililobaki nilimwona Bi Mishi amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Hasani alinipandisha mgongoni, kofia yake ikaanguka, hakuiokota. Alinibeba hivyo mpaka barabarani tulipopata lori la kuni. Njiani nilisikia anasema pole kaka Bashiri, tumefika, kaka. Nililia mgongoni kwake. Nayo kanzu yangu ilimchafua shati.

Jumamosi, 8 Agosti

Zahanati. Nesi Anyesi amenyoa nywele zote. Amenipaka dawa ya rangi ya waridi kichwa kizima. Watoto wamekusanyika dirishani.

Amesema ngozi yangu haipatani na piko, wapo watu wa namna hiyo, na nikirudia tena koo litaziba nife. Kichwa kioshwe kwa maji ya baridi, kisikunwe, kipakwe mafuta ya nazi kwa ncha za vidole, polepole, kofia nzito marufuku. Kisha akauliza umri, aandike kwenye kadi. Tabu alikuwa amesimama hapo hapo.

Hamsini na miwili, nikasema.

Nesi akaandika. Hakushangaa hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko wembe.

Nilitaka kumwomba radhi mwanangu. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama zile karanga panya hawajazifikia.

Jumanne, 11 Agosti

Bi Mishi amekuja. Nilijificha nyuma ya mlango, Tabu akanitoa. Nimekaa mbele yake na kichwa cha waridi.

Alikitazama mpaka kisogoni. Kisha akasema chaki alijua si chaki. Akasema alichosema juu ya kufiwa ni kweli, anaogopa, na bado anaogopa. Lakini marehemu alikuwa mzee na alikuwa mkweli, uzee alishauzoea, uongo ndio hajauzoea. Akasema lililomkata maini si mvi zangu. Ni mtoto wa watu kuambiwa amkane baba yake, naye akakubali kwa kumpenda.

Akasema Jumapili nirudi Ipagala. Niende na binti yangu, niseme ni binti yangu. Niseme umri wangu. Hasani naye ameshapeleka maneno ya posa, Mzee Abbasi atachagua, na yeye Mishi ana neno lake la kusema pia, litakuwa upande wangu. Iwapo tu sitasema uongo tena, hata wa chembe.

Alipoondoka nilipiga magoti mbele ya Tabu. Ndiyo, mimi, baba mtu! Nikaomba radhi kwa maneno, si kwa karanga. Akaninyanyua akilia, akasema yameisha baba. Nimeapa. Msahafu nimeushika.

Jumapili, 16 Agosti

Nimerudi Ipagala. Kichwa kitupu, vinywele vimeanza kuchomoza, vyeupe pembeni, utosini bado vyeusi. Nilisimama mbele ya baraza nzima, nikasema huyu ni Tabu, binti yangu wa kumzaa, na siku ile nilikosa. Wanaume wakasema tumesikia, tumesamehe. Wanawake wakamchukua Tabu ndani kwa vigelegele.

Nikabaki na Mzee Abbasi. Ana miaka sitini. Akaanza kuzungumza kwa upole. Kwamba amefikiri. Kwamba Hasani ni mtu mwema lakini bado damu inachemka, wa umri ule huoa mwaka huu, mwakani akaongeza wa pili. Yeye afadhali mtu aliyekwisha kutulia. Mtu mzima hasa. Kadiri alivyo mzima, ndivyo bora. Akaniuliza, sasa niambie kweli, baba, una miaka mingapi?

Ilikuwa imefika mpaka hapa ulimini. Hamsini na. Nikaona macho yake yanavyoupenda uzee.

Sitini na mitatu, nikasema.

Akainuka! Akaniachia kiti chake cha mkono, akaniamkia kwa heshima, akasema Idi ya kuchinja ikipita tu, tufunge ndoa. Ningeishia hapo ingekuwa si neno. Lakini nikaona hesabu haijakaa vizuri. Nikamwambia nilioa mapema, huyu Tabu mnayemwona ana arobaini na miwili. Hakuniuliza. Nilijiongezea mwenyewe.

Tumerudi nyumbani alasiri. Nimekaa kwenye kigoda, Tabu amesimama nyuma yangu, ananipaka mafuta ya nazi kwa ncha za vidole, polepole, kama nesi alivyosema. Anakwepa kila kidonda. Hajui kusoma, sikumpeleka shule, ndiyo maana naandika kichwa kikiwa mikononi mwake. Anasema leo nilipomwita binti yangu mbele za watu moyo wake umetulia, kesho anaweza kurudi kwa wanawe kwa furaha, na siku ya ndoa atakuja nao wote. Wakija, lazima naye awe na arobaini na miwili. Nitamwambia akishamaliza kunipaka.