Mashemeji wa Angani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo naanza shajara. Mtu anayekaribia kuwa mtangazaji lazima aandike mambo yake mwenyewe, wasije wengine wakayaandika vibaya.

Mambo yenyewe ni haya. Redio moja ya Bungoma inatafuta mchambuzi wa gemu kwa kipindi cha vijana. Kiti ni kimoja. Tumebaki wawili: mimi Mukhwana, fundi wa simu hapa Kitale, na Jepchumba, anayefunza kompyuta katika chuo kidogo karibu na soko. Mama Pauline, mwenye kipindi, ametupa diski ya gemu inayoitwa Mzingo wa Saba. Ni vita vya bunduki huko angani. Jumamosi tueleze hewani hadithi yake kutoka mwanzo hadi mwisho, tuseme ina uzuri gani, na kama inastahili sehemu ya pili. Atakayemridhisha Mama Pauline anapata kiti.

Diski ni moja. Nikamwambia Jepchumba mimi ni mkubwa kwake, acha nianze, Jumatano nitamletea. Akakubali bila ubishi. Maskini! Ataiona Ijumaa jioni. Gemu ya saa kumi na mbili, ataimaliza lini?

Mashine ya kuchezea sina. Ameniachia shemeji yangu Wekoye wa Lugulu, kaka wa mke wangu Nanyama. Wiki moja tu. Aliniambia, "Chunga hiyo kitu kama mtoto, bana." Nanyama ameifunika kwa kitambaa chake cha kushona kwa mkono. Inapendeza sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimekufa mara arobaini na moja. Zote kwenye ngazi.

Kuna ngazi, na juu yake amesimama mtu wa chuma. Ukipanda, anakupiga. Ukisubiri, anashuka kukupiga. Na Kiingereza chao! Wanaongea ndani ya kofia za chuma, neno halishikiki.

Nanyama alikuwa anachambua maharagwe. Akauliza kama hadithi ni ya mtu anayepanda ngazi na kufa. Nikamwambia hadithi nzito huanza polepole. Akauliza mbona huyo mtu hainami. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akatazama upara wangu, akarudi kwa maharagwe.

Nilipotoka kuchota maji akachukua pedi ya kuchezea, akainama, akapita. Nimerudi, nakuta yuko juu ya ngazi! Nikazima mashine haraka, nikasema imeshika moto sana. Sasa tumerudi chini ya ngazi, sote wawili.

Jumatano, 5 Machi

Jepchumba amekuja kibandani kuchukua diski. Nikamwambia ina mikwaruzo, naisafisha kwa dawa ya meno, na kazi hiyo haitaki haraka. Akasema, "Sawa, pole na kazi." Akaenda zake akitabasamu. Ilinisumbua kidogo, lakini ikapita.

Kisha mpango mpya, na huu ni wa akili. Nimepeleka diski mtaa wa Kipsongo, kwa Kim. Kim ana ukumbi wa gemu na sinema, mabenchi manne na skrini kubwa. Mkono wake ni hatari. Ile ngazi aliipita huku akinywa chai. Spika zake zinakoroma, kwa hiyo yeye huzima sauti ya gemu, anashika maikrofoni na kuwatafsiria wateja kila kitu kwa Kiswahili. Ndicho nilichokuwa nahitaji! Nikakaa benchi la mbele na daftari.

Hadithi, jamani! Kapteni anaitwa Simiyu. Ameoa binti wa watu wa anga ya saba na mahari hakumaliza. Wale watu wa chuma ni mashemeji. Wanamfuata chumba hadi chumba. Halafu kuna sauti ya mwanamke inayotoka ukutani, inamwonya, inamfungia milango. Kim akasema huyo ni mama mkwe. Haonekani hata mara moja. Nilielewa papo hapo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani ana kwa ana. Wazungu wamejuaje? Wamefanya utafiti.

Watu wa mabenchi walicheka mpaka mmoja akaanguka. Watu wengine hawaelewi huzuni.

Alhamisi, 6 Machi

Kim ameimaliza. Mimi nimeandika kurasa kumi na nne.

Mwisho wake: Simiyu anateketeza boma lote la angani na kutoroka kwa chombo kidogo. Halafu kamera inageuka. Nyuma ya kiti chake kuna kitu kama yai, kinawaka na kuzima. Kim akateremsha sauti. Akasema huyo ni mtamba wa mahari. Na ana ndama tumboni.

Nililia. Siogopi kuandika. Ndama huyo ni wa nani? Wa Simiyu au wa mashemeji? Hapo ndipo sehemu ya pili ilipo.

Kim aliuliza naandika nini. Nikamwambia ni mambo ya kikazi. Nikimtajia redio, kesho atataka kiti changu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea Jepchumba diski saa kumi na mbili jioni. Akanishukuru, akasema inanukia dawa ya meno. Nilimhurumia kidogo. Nimekula vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Bungoma. Niliomba kuanza mimi. Nimeongea dakika kumi na nane.

Nilisema hii ni gemu ya kwanza ya anga inayoelewa mahari. Nilisema bunduki zina uzito mzuri na hakuna raha kama kumpiga shemeji risasi kutoka mbali, anapodhani hujamwona. Nilisifu heshima ya mama mkwe kukaa ndani ya ukuta. Kasoro nilitaja mbili: ngazi ya mwanzo ni ngumu kupita kiasi, na hakuna mahali popote ambapo unaweza kutuma wazee wakajadiliane. Kila kitu risasi tu. Sehemu ya pili? Lazima. Mahari haiishi, na gemu yake haiwezi kuisha.

Mama Pauline alikuwa ameinamisha kichwa chini ya meza. Nikadhani anatafuta kalamu. Simu zikaita mfululizo. Mzee mmoja wa Kimilili akasema, "Leo ndio nimesikia gemu iko na maana, si hizi za watoto."

Kisha Jepchumba. Kumbe ana nakala kwenye kompyuta yake ya nyumbani! Aliimaliza mwaka jana, mara mbili. Akasema kwa upole kwamba hakuna mtu anayeitwa Simiyu. Ndani ya ile kofia ni mwanamke. Watu wa chuma ni mitambo ya karakana, na sauti ya ukutani ni kompyuta ya chombo inayoogopa kuzimwa. Yai ni nakala ya kompyuta hiyo, imetoroka. Akasema hadithi inalegea katikati, lakini kompyuta ilikuwa na nafasi ya kumuua yule mwanamke na haikumuua. Sehemu ya pili ikijibu kwa nini, itafaa. Isipojibu, itakuwa risasi tupu.

Hata mimi nilitaka kujua kwa nini haikumuua. Nikajikaza, nikasema hewani kwamba labda nakala ya Jepchumba ni ya bandia.

Mama Pauline akaniuliza nani alinitafsiria. Nikasema mtaalamu wa Kipsongo.

Matokeo: kiti ni cha Jepchumba. Kim anatafutwa. Wanataka awe anatafsiri robo saa kila wiki, wasikilizaji wamempenda. Mimi nimepewa soda. Mama Pauline akaomba namba ya Kim. Nikampa, ila tarakimu ya mwisho niliibadilisha.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa shemeji Wekoye amefika kutoka Lugulu. Hakuketi. Boma lote lilisikiliza redio jana. Walikuwa wameitisha hadi majirani, ati mkwe wetu anaongea.

Akaniuliza, akiwa amesimama mlangoni, kumpiga shemeji kutoka mbali kuna raha gani hasa. Nikaanza kueleza mambo ya uzito wa bunduki. Akachukua mashine, nyaya, pedi zote mbili, na kitambaa cha Nanyama juu yake. Mama mkwe ametuma ujumbe. Anasema yeye si ukuta.

Niliumia. Mama yule hajawahi kunikosea, na kila Krismasi hunitumia kuku kupitia kwa Nanyama. Nanyama alipakua ugali, tukala. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso, akaniomba nimweleze tena pale pa mtamba.

Kim naye amepita kushukuru. Ile namba niliyoibadilisha ilikuwa ya dada yake Jerono, naye akampa simu. Walisajili laini siku moja, namba zikafuatana.

Jumatatu, 10 Machi

Bado nipo! Mama Pauline amepiga simu. Jepchumba ana matanga Kapenguria, Jumamosi hatakuwepo. Nimshikie kiti, mara moja tu. Gemu ni nyingine, ya mbio za magari, na diski imeshafika stendi. Akaniomba sana niicheze mwenyewe, na sauti iwe imewashwa. Nikaapa.

Nanyama akasema kabla ya gemu yoyote niende Lugulu nikaombe msamaha, kisha huenda mashine ikarudi. Ni kweli. Nitaenda. Lakini Lugulu haikimbii, na Jumamosi inakimbia.

Kwa hiyo saa nne nilikuwa Kipsongo na diski. Kim yuko Bungoma akiandikishwa kazi. Maikrofoni ameshika Jerono, na mkono wake ni kama wa kaka yake. Mpaka sasa nina kurasa tisa.

Nilipigwa na butwaa dakika ya kwanza. Yule aliye kwenye gari jekundu anaitwa Simiyu! Mtamba yuko kiti cha nyuma. Magari kumi na moja yanamfukuza, na ndani ya kila gari, shemeji.

Nilisema au sikusema? Sehemu ya pili imetoka, na Jepchumba hana habari.