Walimu Saba wa Bafuni

Kwa Profesa unayemsimamia mke wangu,

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Kama hauruhusu, basi habari za kazi.

Nimemkosea mke wangu, na kupitia kwake nimekukosea na wewe. Naanza na hilo ili nisipate nafasi ya kujitetea, maana nikipewa nafasi huwa naitumia.

Mimi ni fundi friji. Mke wangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kwako ni mwanafunzi wa udaktari wa elimu, ule wa watu walio kazini, ambapo mtu anaichunguza kazi yake huku anaendelea kuifanya. Mchana anaongoza shule, jioni anaandika jinsi anavyoiongoza, na mimi napasha chakula. Jumatatu ijayo anakuja kutetea tasnifu yake mbele yenu. Jasho lake lote liko mikononi mwako, kwa hiyo naomba uisome barua hii umekaa.

Aliwapa walimu wake saba kinasa sauti na karatasi ya maswali. Kila mmoja aingie peke yake kwenye stoo ya vitabu, aseme ukweli kuhusu uongozi wa Mkuu wake. Wasitaje jina, wataje somo tu, na waweke leso mdomoni ili asiwatambue. Kinasa kilipofika nyumbani, kabla mke wangu hajasikiliza, nikakiazima nirekodi mngurumo wa friji ya mteja nimsikilizishe fundi mwenzangu. Friji nyingi zinatibiwa kwa sikio, Profesa. Kompresa ilisikika vizuri sana. Walimu wote wakafutika.

Nikamwita shemeji, kaka yake mke wangu, tukajifungia bafuni na leso mbili. Mimi nikawa hisabati, sayansi, michezo na muziki. Shemeji akachukua lugha, jiografia na mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye ni mama mtu mzima. Alimwigiza vizuri mpaka nikataka kumwamkia.

Sasa malalamiko yangu kwa chuo ni haya:

1. Hamkutuambia sisi wa nyumbani kwamba kile kinasa kina kitufe kimoja kwa kazi mbili, kurekodi na kufuta. Mwanafunzi alifanyiwa semina. Mume hakupewa hata soda.

2. Mnawatuma watu wakaulize maswali ambayo mtu hawezi kumjibu bosi wake. Nilisikiliza kidogo kabla ya kufuta. Sayansi: "Mkuu wetu yuko vizuri, hatuna tatizo." Jiografia: "Hatuna tatizo, Mkuu wetu yuko vizuri." Leso mdomoni na bado anasifu! Waliosema ni sisi. Tulisema anakatiza watu kabla hawajamaliza sentensi. Tulisema vikao vyake vinaanza na "dakika mbili tu jamani" na watu wanatoka jua limezama. Shemeji akasema tangu utotoni anapenda kupanga nani akae wapi. Nikamkanyaga mguu, akaongeza haraka, "utoto wa shule hii, namaanisha."

3. Baada ya hapo mke wangu alibadilika. Vikao vikawa vifupi. Juzi mezani nilimaliza sentensi nzima, nikakosa cha kuongeza. Na wewe ukamwandikia kwamba hujawahi kuona washiriki wakweli kama wale. Alinisomea maneno yako mara mbili, machozi yanamlenga. Nikaenda kusafisha friji ambayo ilikuwa safi. Hapo mnalaumika nyinyi. Sifa za namna hiyo zinamfunga mdomo mtu aliyekuwa karibu kukiri.

4. Kwa kuwa walimu wote saba ni sisi wawili, naomba mke wangu apewe shahada kama kawaida, na asiambiwe chochote. Hajui lolote. Sauti zetu zilikuwa safi, hata mama mkwe asingetutambua. Kama ni lazima mtu aanguke, tuangusheni sisi. Shemeji yuko tayari, mitihani imemzoea. Mkiingiwa na huruma, mpeni yeye cheti kidogo kwa ajili ya lile darasa la kwanza.

Wasalimie maprofesa wenzako, na yule mlinzi wa getini aliyenizuia nilipotaka kukuona ana kwa ana. Watoto hawajambo. Wameshaanza kumwita mama yao Daktari, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ni mimi mkosaji,
mume wa mwanafunzi wako
(hisabati, sayansi, michezo na muziki)

Nyongeza: Mke wangu ameiona barua kabla sijaifunga. Ametia koma kadhaa kwa kalamu nyekundu, halafu akakaa kitandani akacheka mpaka akashika mbavu. Alijua tangu mwanzo. Eti mwalimu wa hisabati, yaani mimi, alilalamika kwamba Mkuu anavuta blanketi lote. Sauti zetu alizitupa wiki ileile, akamwomba mwalimu mkuu wa shule nyingine awahoji walimu upya, nao wamesema makali kuliko yetu. Tasnifu uliyonayo haina neno letu hata moja. Kwa hiyo futa malalamiko yote, isipokuwa lile la soda.

Nikamuuliza mbona alinyamaza muda wote huo. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe, baba watoto. Sikutaka kukukatiza."

Limebaki moja. Kabla yeye hajasikiliza, karani wa shule alikuwa ameshayachapa maneno yetu yote, na walimu wakayasoma. Tangu siku hiyo mwalimu wa hisabati, mtu mpole ambaye hata kuoa hajaoa, anaulizwa na wenzake amelijuaje blanketi la Mkuu. Mke wangu aliwaeleza kwamba yule alikuwa mumewe na leso, wakadhani anamficha, wakazidi kucheka. Siku hizi maskini anakunywa chai peke yake, stoo. Ijumaa hii, saa nne, wakati wa chai ya walimu, nitasimama mbele yao wote, shemeji pembeni, bila leso, niseme kwa sauti yangu: blanketi ni langu.